Kesi ya jinai na mlango wa mahakama: ni wakati gani watu wanaweza kutolewa nje?

Katika parokia zetu si jambo geni kusindikiza familia mahakamani. Kijana wa kwaya amekamatwa, au binti wa jirani ametendewa jeuri, na siku ya kusikilizwa kesi imefika. Wazazi, wajomba, mashemasi na majirani wanakwenda pamoja. Lakini mara nyingine aliye mlangoni anasema tu: hakuna kuingia. Je, ana haki ya kusema hivyo? Na kama amri imetoka kwa hakimu mwenyewe, je, hakimu anaweza kufanya hivyo kila anapotaka?

Makala hii inaeleza kanuni ya kikao cha wazi, sababu zinazoruhusu kukifunga, na jinsi mahakama za nchi mbalimbali zilivyoamua. Tunaanza na sheria ya nchi yetu.

1. Sheria ya Kongo

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ya tarehe 18 Februari 2006, inazungumzia jambo hili katika vifungu viwili. Kifungu cha 20 kinasema kwamba vikao vya mahakama ni vya wazi, isipokuwa uwazi huo ukionekana kuwa hatari kwa utulivu wa umma au kwa maadili mema. Ikiwa hivyo, mahakama inaamuru kikao kifanyike kwa milango iliyofungwa, yaani huis clos kama mahakimu wetu wanavyosema. Kifungu cha 21 kinaongeza kwamba kila hukumu lazima iandikwe, ieleze sababu zake, na isomwe katika kikao cha wazi.

Tukisoma vifungu hivyo kwa makini tunapata mambo manne.

Kwanza, uwazi ndio kawaida. Raia hahitaji kueleza kwa nini anataka kuingia. Ni yule anayetaka kufunga ndiye mwenye deni la kutoa sababu. Pili, Katiba imetaja sababu mbili tu, utulivu wa umma na maadili mema. Aibu ya mkubwa fulani haimo ndani yake. Tatu, mwenye mamlaka ya kufunga ni mahakama. Si polisi wa mlangoni, si karani, si mkuu wa gereza. Nne, hata kesi iliyosikilizwa kwa huis clos, hukumu yake inasomwa mbele ya watu.

Sheria nyingine zinaongeza mambo ya pekee. Sheria namba 06/019 ya tarehe 20 Julai 2006, iliyorekebisha utaratibu wa kesi za jinai kuhusu jeuri za kingono, inamtaka mwendesha mashtaka na hakimu kulinda usalama, heshima na maisha ya faragha ya mhanga. Kwa sababu hiyo huis clos inatangazwa mhanga au mwendesha mashtaka anapoiomba. Nayo sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto imeweka tribinali za watoto, ambako mtoto anayekosana na sheria hasikilizwi mbele ya umati.

Juu ya hayo kuna Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 1976, ikiitwa Zaire. Kifungu cha 14 cha mkataba huo kinampa kila mtu anayeshtakiwa haki ya kusikilizwa hadharani. Kinaruhusu kuwatoa nje watu na waandishi wa habari kwa ajili ya maadili, utulivu wa umma, usalama wa taifa, faragha ya wahusika, au pale ambapo uwazi wenyewe ungeharibu haki. Katiba yetu, katika kifungu cha 215, inaipa mikataba ya namna hiyo nguvu kupita sheria za kawaida. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu wa 1981 haukutaja kikao cha wazi katika kifungu chake cha 7, lakini Tume ya Afrika yenye makao Banjul ililiweka jambo hilo wazi katika kanuni zake za mwaka 2003 juu ya kesi ya haki.

2. Kwa nini mlango unaachwa wazi

Wazo hili ni la zamani. Katika Israeli ya kale, kesi zilisikilizwa kwenye lango la mji, mahali ambapo kila mtu alipita akienda shambani au sokoni. Boazi, katika Ruthu sura ya 4, aliketisha wazee kumi langoni na kumaliza jambo lake mbele ya watu. Nabii Amosi alipokemea rushwa, aliikemea kama uovu unaofanyika langoni, kwa maana hapo ndipo maskini alipokuwa akitafuta haki yake.

Faida ya kwanza ni ya mshtakiwa. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya mtu mmoja wa jimbo la Michigan aliyehojiwa na jaji katika chumba kilichofungwa. Jaji hakuridhika na majibu yake, akasema anadanganya, na papo hapo akamhukumu siku 60 jela kwa kuidharau mahakama. Hakuna ndugu, rafiki wala wakili aliyekuwapo. Mahakama Kuu ilifuta adhabu hiyo na kusema kwamba mtu hawezi kupelekwa jela kwa siri namna hiyo. Penye macho ya watu, hakimu hupima maneno yake kabla ya kuyatamka.

Faida ya pili inahusu ushahidi. Shahidi anayesema mbele ya watu wa mtaa wake anajua kwamba kati yao kuna wanaojua ukweli. Anayesikiliza benchi la nyuma anaweza kusema: mtu huyo siku ile alikuwa sokoni nami. Chumba kikifungwa, msaada huo unapotea, na uongo unapata nafasi.

Faida ya tatu ni ya jamii nzima. Watu wasipoona mkosaji akihukumiwa, wanaamini kwamba ametoka kwa fedha. Kutoka imani hiyo hadi mawe na tairi linalowaka barabarani si mbali. Kesi inayoonekana haiondoi hasira yote, lakini inampa mwenye uchungu mahali pa kuipeleka. Hata hakimu mwaminifu anapata kinga, maana waliosikia ushahidi hawapokei kirahisi uvumi kwamba amenunuliwa.

Kwa sababu hiyo haki hii si ya mshtakiwa peke yake. Mwaka 1980, katika kesi iitwayo Richmond Newspapers, mshtakiwa wa mauaji katika jimbo la Virginia ndiye aliyeomba watu watolewe nje, na mwendesha mashtaka hakupinga. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema haitoshi: raia na waandishi wa habari nao wana haki yao ya kuona kesi ya jinai. Kukubaliana kwa pande mbili hakuwezi kuifuta.

3. Maswali manne ya kabla ya kufunga

Kipimo kinachotajwa sana katika jambo hili kinatoka katika kesi ya Waller dhidi ya Georgia, iliyoamuliwa Marekani mwaka 1984. Ilikuwa kesi ya michezo ya kamari, na polisi walikuwa wamerekodi mazungumzo ya simu. Washtakiwa waliomba ushahidi huo ukataliwe. Hakimu aliufunga ukumbi kwa muda wote wa kusikiliza ombi hilo, siku saba. Lakini kusikiliza sauti zenyewe kulichukua saa mbili na nusu tu. Mahakama Kuu ilisema kufunga siku saba kwa ajili ya jambo la saa mbili na nusu ni kupita kiasi, ikaagiza ombi hilo lisikilizwe upya kwa uwazi.

Kutokana na kesi hiyo, hakimu anayetaka kufunga anapaswa kujibu maswali manne:

• Je, kuna jambo zito kweli ambalo litaumizwa mlango ukibaki wazi?
• Je, kufunga huku hakuzidi kile kinachohitajika, kwa muda na kwa idadi ya watu wanaotolewa?
• Je, njia nyingine zimefikiriwa, kama vile pazia, kuficha jina, au kumtoa mtu mmoja tu anayesumbua?
• Je, sababu zimetamkwa na kuandikwa, ili mahakama ya juu iweze kuzipima?

Maswali hayo hayafungi mikono ya mahakimu wa Kongo. Lakini yanapatana vema na kifungu cha 20 cha Katiba yetu, kwa sababu neno hatari lazima lioneshwe: hatari gani, kwa nani, na kwa muda gani.

4. Mjomba, mama na mchungaji

Kesi mbili zinaonesha jinsi mtu mmoja aliyezuiwa mlangoni anavyoweza kubadili mambo.

Ya kwanza ni Presley dhidi ya Georgia, ya mwaka 2010. Siku ya kuchagua wazee wa baraza la mahakama, hakimu aliona mtazamaji mmoja tu ukumbini. Alikuwa mjomba wa mshtakiwa. Hakimu alimwambia atoke, akisema nafasi inahitajika na kwamba hapaswi kuchanganyika na wale watakaochaguliwa. Wakili alipinga hapo hapo. Mahakama Kuu iliifuta hukumu nzima, kwa kuwa hakimu hakutafuta njia nyingine. Angeweza, kwa mfano, kutenga safu moja ya viti, au kuwaonya wazee hao wasizungumze na mtu yeyote. Tena ilisema ni wajibu wa hakimu kuzitafuta njia hizo, hata kama hakuna aliyemkumbusha.

Ya pili ni Weaver dhidi ya Massachusetts, ya mwaka 2017. Hapa walirudishwa watu wawili: mama wa mshtakiwa, na mchungaji wa mama huyo. Ukumbi ulikuwa umejaa watu walioitwa kwa uchaguzi wa wazee wa baraza, na ofisa wa mahakama akawazuia wageni kwa siku mbili. Mama alimwambia wakili wa mwanawe. Wakili alidhani ni jambo la kawaida, akanyamaza. Miaka ikapita kabla lalamiko halijaletwa. Mahakama Kuu ilikubali kwamba kosa lilikuwepo na kwamba ni kosa kubwa. Lakini kwa kuwa halikusemwa kwa wakati wake, ilimtaka mshtakiwa aoneshe kwamba lilimdhuru au kwamba liliifanya kesi nzima isiwe ya haki. Hakuweza. Hukumu yake ikabaki.

Tukiziweka kesi hizo pamoja, tofauti iko wazi. Katika ya kwanza wakili alisema siku ile ile. Katika ya pili alinyamaza. Mwenye kuketi kimya siku ya kosa hapati kusikilizwa vizuri miaka mitano baadaye.

5. Pale ambapo kufunga ni haki

Isieleweke kwamba mlango wazi ni mwema siku zote. Msichana aliyebakwa, akiulizwa mbele ya watu mia mambo ambayo hajamwambia hata mama yake, anaumizwa mara ya pili. Wengine wanakataa kuja, na mkosaji anaenda huru. Kwa hiyo huis clos mara nyingine ndiyo inayofungua njia ya haki.

Swali ni kama hakimu afunge kila mara. Mwaka 1982, katika kesi ya gazeti la Globe, Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa sheria ya Massachusetts iliyolazimisha kufunga ukumbi kila mtoto anapotoa ushahidi katika kesi ya kosa la kingono. Haikukataa kufunga, ilikataa kulazimisha. Hakimu, ilisema, aangalie umri wa mtoto, hali ya moyo wake, aina ya kosa, na matakwa yake na ya wazazi wake. Sheria ya Kongo ya 2006 imechukua njia nyingine: inampa mhanga mwenyewe neno la kwanza, kwamba akiomba, mlango ufungwe. Katika nchi ambayo mhanga anaweza kukataliwa na mume au kutishwa na wenye silaha, njia hii ina hekima yake. Lakini yeye aulizwe kweli, asisemewe. Wako wanawake wanaotaka kusema mbele ya watu wote, ili aibu irudi kwa aliyeitenda.

Kesi za Kivu ya Kusini zinaonesha kwamba inawezekana kushika mambo yote mawili. Februari 2011 mahakama ya kijeshi ilikwenda hadi Baraka, kwa utaratibu wa audience foraine, kuhukumu askari kwa ubakaji uliofanyika Fizi usiku wa mwaka mpya. Kamanda wao alipewa miaka 20, na wakaaji wa eneo walijionea haki ikifika kwao. Mwaka 2017 mahakama ya kijeshi ya jimbo ilikuja Kavumu kuhukumu kundi lililobaka watoto wadogo sana. Watoto hao hawakusimamishwa mbele ya umati. Mahojiano yao yaliyorekodiwa yalitumika, na mashahidi waliolindwa walifichwa sura na sauti. Tarehe 13 Desemba 2017 washtakiwa 11, mmoja wao mbunge wa jimbo, walihukumiwa kifungo cha maisha. Kilichofichwa ni sura za wahanga. Kesi yenyewe haikufichwa.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague nayo inafuata njia hiyo. Sheria yake inasema kesi ni ya wazi, lakini inaruhusu sehemu zake kufungwa ili kulinda mashahidi, hasa watoto na wahanga wa jeuri za kingono. Katika kesi ya Thomas Lubanga wa Ituri, shahidi wa kwanza aliingia Januari 2009, kijana aliyesemekana kuwa alikuwa mtoto askari. Siku ile ile aliyakana maneno aliyokuwa ameyasema. Baadaye alirudi, mahakama ikiwa imempangia ulinzi ili asimwone mshtakiwa, na akatoa ushahidi wake.

Lakini kuna upande wa pili. Katika hukumu ya tarehe 14 Machi 2012, majaji walimkuta Lubanga na hatia, ila walikataa kuutegemea ushahidi wa vijana kadhaa, akiwemo yule wa kwanza, kwa kuwa haukuaminika. Jina na uso vikifichwa, wale wanaoweza kusema ndiyo au hapana wanakuwa wachache. Ulinzi wa shahidi una gharama yake, na hakimu mwenye busara huipima kabla ya kuilipa.

6. Mlango unaofungwa bila amri

Mara nyingi hakuna hakimu aliyesema neno huis clos, lakini watu hawaingii. Chumba kina mabenchi matatu. Tarehe imebadilishwa na haikubandikwa mahali popote. Au mlinzi anataka kitu kidogo. Hayo yote ni kufunga bila kukiri. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia Mkataba wa 1966 ilieleza mwaka 2007 kwamba mahakama zinapaswa kutangaza saa na mahali pa vikao, na kuwapa watu wanaotaka kuhudhuria nafasi ya kutosha, kwa kadiri ya busara.

Vikao vinavyofanyika gerezani vinahitaji uangalifu zaidi. Mwaka 2024 washtakiwa wa jaribio la mapinduzi la Mei huko Kinshasa walihukumiwa ndani ya gereza la kijeshi la Ndolo. Waandishi wa habari walikuwepo, na tarehe 13 Septemba watu 37 walipewa hukumu ya kifo. Kikao cha gerezani kinaweza kuwa cha wazi, lakini lazima njia ya kuingia iwepo kwa watu wa kawaida pia, maana si kila mama anaweza kupita lango la gereza na kujieleza kwa askari. Hata skrini ina mipaka yake. Mwaka 2022 mahakama moja ya rufaa ya Marekani ilisema kwamba kuwapa watu sauti tu wakati wa korona, bila picha, hakukutosha kuwa kikao cha wazi.

7. Ukizuiwa mlangoni, fanya nini?

Mambo haya yanasaidia familia ya mshtakiwa na familia ya mhanga pia.

• Uliza kwa heshima: je, hakimu ameamuru huis clos, au ni utaratibu wa mlangoni tu?
• Kumbuka kwamba shahidi anayesubiri zamu yake hukaa nje. Hilo si kunyimwa haki, ni ili asisikie maneno ya wengine kabla ya kusema yake.
• Usifanye fujo. Hakimu ana mamlaka ya kumtoa anayevuruga kikao, na kelele zako zitampa sababu aliyoikosa.
• Mjulishe wakili mara moja, kwa jina lako na saa uliyozuiwa. Yeye amwambie hakimu na kuomba karani aandike katika kumbukumbu za kikao.
• Usilipe chochote ili kuingia. Kuhudhuria kikao cha wazi hakuna bei.
• Kama wewe ni mhanga au mzazi wake, jua kwamba unaweza kuomba huis clos, na unaweza kuomba iwe kwa saa za ushahidi wako tu.
• Kama kikao kimefungwa, uliza tarehe ya kusomwa hukumu, na uwepo. Hapo Katiba haikuweka ubaguzi.

Hukumu za mahakama zetu huandikwa kwa kawaida kwamba zimetolewa katika audience publique. Maneno hayo yanapaswa kuwa kweli. Yanakuwa kweli pale ambapo kuna watu benchini, wametulia, wanasikiliza. Kwa hiyo familia ikiomba kusindikizwa, tusiishie kuombea nyumbani. Twende tukaketi nao, iwe ni familia ya anayeshtakiwa au ya aliyetendewa. Na katika makanisa yetu mara nyingi zote mbili ni za kwetu.